Kiitikio cha Wimbo wa Saba

Jumanne saa nne asubuhi, Arafa Mwinjuma alikuwa juu ya ngazi ndani ya ukumbi wa muziki wa chuo kikuu, kwenye barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Mbegani, akipima pazia la jukwaa. Alikuwa na pini nne mdomoni na tepu ya kupimia shingoni. Pazia lilikuwa la mahameli nyekundu, zito kama godoro lililolowa, na chuo kilitaka liwe tayari Jumamosi, siku ya uzinduzi.

Chini yake msichana anayeitwa Dija, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alikuwa akifanya mazoezi ya wimbo "Kikombe cha Pili". Alipofika ubeti wa tatu, kofi lilisikika. Shavu la kulia la Dija likabonyea, kichwa kikageukia kushoto, na jino likaruka, likabiringika juu ya mbao za jukwaa mpaka kwenye mguu wa ngazi. Dija alimaliza ubeti, kwa sababu ubeti haukatwi katikati, kisha akatema damu kwenye leso.

Arafa akashuka, akaliokota jino kwa kipande cha mahameli, akampelekea.

"Shikamoo, Bi Arafa."

"Marahaba, mwanangu. La juu au la chini?"

"La juu, la pembeni. Afadhali. Rajabu lilimtoka la mbele."

"Na mchumba wako wa Ubena atasemaje?"

"Aliniposa mimi, hakuposa meno. Akitaka meno akaoe mamba wa mto Wami."

Arafa alicheka mpaka pini moja ikamdondoka.

Ukumbi ulikuwa umetumika mwaka mzima kabla ya kuzinduliwa, na mambo yake yalijulikana. Ulipewa jina la Bi Mardhiya Shuaibu, mwimbaji wa taarabu asilia, ambaye kanda zake zilipigwa kwenye kila baraza la pwani ile kwa miaka ishirini. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotoka kwenye nyumba yake ya zamani mtaa wa Dunda. Mumewe, Mzee Mwinjuma, aliibomoa nyumba na kuyatoa mawe kama zawadi, na chuo kilimshukuru kwa barua.

Mzee Mwinjuma ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi na mpigaji wa fidla. Alikuwa mwenye shoto, upinde aliushika kwa mkono wa kushoto, na watu walikuja kutoka mbali kumtazama. Kila mara mkewe alipoimba wimbo mpya na watu wakasimama kumshangilia, alimpiga walipofika nyumbani. Kila wimbo ulikuwa na kipigo chake. Mawe yaliyakumbuka yote, na wimbo ulipoimbwa mbele ya ukuta ule, yalirudisha kipigo kwa yule aliyeuimba.

Wanafunzi walizoea. "Kikombe cha Pili" ulikuwa wimbo wa jino. "Pete ya Kushoto" ulikuwa wa vidole viwili, na Rajabu, baada ya vidole vyake kuvunjika mwezi ambao pengo la jino lilikuwa bado halijapona, alihamia masomo ya uhasibu. "Taa ya Barazani" ulikuwa wa ubavu, lakini ule ulikuwa na waitikiaji wanane, na ubavu uligawanyika kwa watu tisa, kila mmoja akahema kwa shida siku mbili tu. Ndivyo ilivyokuwa: wimbo wenye waitikiaji ulikuwa nafuu. Muuguzi wa chuo alikaa mstari wa mbele kila Alhamisi, siku ya maonyesho, na sanduku lake magotini.

Mtihani wa mwisho ulitaka nyimbo saba. Dija alikuwa ameshaimba sita. Wa saba, "Nimeshona Mwenyewe", haukuwa umeimbwa na mtu yeyote tangu mwaka 1989.

Dakta Amin, mkuu wa idara, aliingia na bahasha ya ratiba za uzinduzi. Alikuwa mtu mpole, aliyeandika kitabu kizima kuhusu fidla ya Mzee Mwinjuma. Akampa Arafa nakala moja.

"Wimbo wa saba utaimbwa Jumamosi saa tisa alasiri, mbele ya mgeni rasmi," alisema. "Baba yako atafurahi."

"Nani ataimba?"

"Dija. Peke yake. Wimbo ule hauna kiitikio."

Arafa alipanda tena ngazi. Alimaliza kupima upande wa kushoto, akapima upande wa kulia, akagundua kwamba ameandika namba moja mara mbili.

Yeye aliujua wimbo ule. Alikuwa na miaka tisa, akisugua masufuria uani, na mama yake akitunga huku anafua nguo. Mama aliimba ubeti, kisha akamwelekezea kidole cha sabuni, na Arafa aliitikia: *Nimeshona mwenyewe, sivuliwi na mtu.* Waliuimba hivyo wiki nzima. Siku ya arusi moja huko Kaole, Bi Mardhiya aliuimba kwa mara ya kwanza. Katika kikundi kile waitikiaji waliitikia kiongozi alipoinua upinde, ndiyo ilikuwa desturi yao. Mzee Mwinjuma aliusikia ubeti wa kwanza, akaelewa kwamba anayeimbwa ni yeye, akaulaza upinde magotini, na hakuuinua tena. Waitikiaji walinyamaza. Bi Mardhiya aliimba ubeti na kiitikio peke yake mpaka mwisho, na kanda ilirekodi hivyo.

Walirudi nyumbani kabla ya magharibi. Arafa alikuwa nyuma ya mlango wa chumba. Baba yake alimshika mama yake koo kwa mkono wa kushoto, wenye pete ya akiki, akamwinua mpaka visigino vikaacha sakafu, akamgongesha ukutani mara tatu, na hakumwachia hata mama alipoacha kupiga miguu. Chokaa ilidondoka kutoka ukutani ikamwingia Bi Mardhiya kwenye nywele. Baba yake alimpangusa ile chokaa kwanza, ndipo akamlaza.

Kesho yake, njiani kwenda kituoni, alimshika Arafa mkono na kumfundisha maneno. Askari aliandika taratibu: mama aliteleza bafuni, akaanguka, akajigonga koo kwenye ukingo wa pipa. Waoshaji wanne waliiona shingo, wakaivuta sanda juu kidogo. Mtaa mzima ulikuwa umesikia ukuta ukigongwa. Walisema ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu.

Jumatano Arafa alikwenda ofisini kwa Dakta Amin, akamweleza yote hayo, amesimama, mkoba wake kifuani. Dakta Amin alimsikiliza mpaka mwisho. Alimkaribisha kiti alipokuwa ameshamaliza.

"Suala la shingo tumelifikiria," alisema. "Muuguzi ataleta mtungi wa hewa."

"Dakta, ule si mkono wa kuvunja. Ni wa kuua."

"Ratiba imeshachapwa, Bi Arafa. Na kwenye bamba la marumaru la mlangoni tumeandika kwamba alifariki kwa ajali ya nyumbani."

"Basi wekeni waitikiaji. Wimbo unacho kiitikio. Mimi ninakijua."

"Kwenye kanda hakimo." Alisema kwa huruma ya kweli. "Siwezi kuongeza kitu ambacho kanda haina. Mimi ni mtafiti."

Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Arafa alimkuta Dija bwenini, akipiga pasi gauni la Jumamosi. Alimwambia kila kitu, pamoja na visigino. Dija aliendelea kupiga pasi mkono mmoja wa gauni mpaka ukang'aa.

"Nikiacha mimi, wamempanga Esha wa mwaka wa pili," alisema. "Unamjua Esha? Shingo yake kama ya njiwa. Halafu mama yangu ameshawaambia Ubena nzima kwamba mwanawe anakwenda kufundisha watoto muziki. Mpaka imamu anajua."

"Mama yako anakutaka ukiwa hai, hataki muziki."

"Vyote viwili anavitaka. Humjui mama yangu." Akaweka pasi kando. "Kiitikio chenyewe kikoje?"

Arafa akaimba. Hakuwa ameimba kwa miaka thelathini na kitu, na sauti ilitoka na kutu. Huku bwenini hapakuwa na mawe ya matumbawe, kwa hiyo hakuna lililotokea, ila wasichana wawili waliokuwa wanasukana nywele kwenye kitanda cha jirani waliitikia bila kuinua macho.

"Umewasikia?" Dija alisema.

"Nimewasikia."

"Hawajawahi kuusikia huo wimbo."

Wakakubaliana. Dija angeimba ubeti na kunyamaza mahali pa kiitikio. Kama angekiimba mwenyewe, mkono wote ungebaki kwake. Arafa angekuwa nyuma ya pazia, kwenye kamba, mahali pa fundi.

Ijumaa alikwenda kwa baba yake kumjaribisha kanzu ya uzinduzi. Mzee Mwinjuma alikuwa na miaka themanini na moja, amenyooka, ananukia udi. Alisimama katikati ya chumba na mikono ameiachanisha, pete ya akiki kidoleni, huku Arafa akipiga magoti kupima pindo.

"Baba, kesho wataimba ule wa saba."

"Nimeambiwa. Ni heshima kubwa."

"Yule msichana atakufa."

"Watu hufa, mwanangu. Hapo shingoni pananibana, palegeze."

"Baba, nitasema kesho. Nitasema hakuanguka."

Mzee Mwinjuma alimtazama kwa upole, kama alivyomtazama njiani kwenda kituoni.

"Ulishasema," alijibu. "Ulisema kwa askari na yakaandikwa. Na mtoto mdogo hasemi uongo."

Arafa alifumua mishono miwili shingoni, akapalegeza.

Jumamosi watu walijaa. Walikuja wa Dunda na wa Magomeni, wanawake waliokuwa wasichana kwenye arusi ya Kaole, na wajukuu wao waliovaa sare za chuo. Mia nne na zaidi. Bi Ashatu, wa mwisho aliye hai kati ya wale waoshaji wanne, aliletwa kwa bajaji na kukalishwa kwenye kiti chenye mito. Mzee Mwinjuma alikaa mstari wa mbele. Walimpa fidla yake ya zamani aishike kwa kumbukumbu, na yeye akalaza upinde juu ya magoti.

Saa tisa na dakika kumi pazia lilifunguka bila kukwama. Nyuzi za ganuni zikaanza, za udi zikafuata, ngoma ya dumbaki ikaingia taratibu. Dija akaimba.

Katika mstari wa pili kidole gumba kilijichora upande wa kushoto wa shingo yake. Katika wa tatu vilijichora vidole vinne upande wa kulia, na juu ya kimojawapo alama ya pete, imezama mpaka ngozi ikapasuka na damu ikaanza kushuka kwenye kola ya gauni lililopigwa pasi. Dija aliimba juu ya mkono ule. Sauti ilikonda, haikukatika. Katika mstari wa nne visigino vyake viliacha mbao. Alipigwa ukutani mara moja, mgongo kisha kisogo, na vumbi la chokaa likamwangukia nywele. Ubeti ukaisha. Alifumba mdomo, akasubiri.

Muuguzi alifungua sanduku. Dakta Amin alitazama saa.

*Nimeshona mwenyewe,* Arafa aliimba nyuma ya pazia, *sivuliwi na mtu.*

Nusu ya mkono ilimjia. Aliujua mara moja. Ulikuwa mkavu, wa moto, na unanukia udi. Ulimsukuma kwenye nguzo ya pazia mpaka macho yakaona vimulimuli, na kamba ikamchuna viganja, lakini visigino vya Dija vilirudi chini na kifua chake kikajaa hewa. Akaanza ubeti wa pili.

Mkono ulikuwa na nguvu kwa watu wawili. Ubeti wa pili ulipokwisha Dija alikuwa anatoka damu puani, na Arafa aliitikia kwa sauti ya mtu anayezama, nusu maneno, nusu kukoroma. Ndipo mahali fulani katikati ya ukumbi sauti nyingine, ya kizee, iliyopasuka, ikaingia pamoja naye. Ilikuwa ya Bi Ashatu. Aliitikia huku ameshika shingo yake mwenyewe kwa mikono miwili, pale hasa alipoivuta sanda mwaka ule.

Wanawake wa Bagamoyo hawawezi kuacha kiitikio kikae peke yake. Ubeti wa tatu ulipokwisha, mstari mzima wa Bi Ashatu uliitikia, na watu kumi na wawili walirushwa nyuma kwenye viti vyao kama waliosukumwa na gari. Mmoja alivunjikiwa mguu wa kiti, mwingine aligongwa kinywa, na wote waliitikia tena. Ubeti wa nne waliitikia watu mia. Mikufu ilikatika. Shanga zilitawanyika chini ya viti. Wanaume walianza kwa kuguna, kisha wakaimba, kila mmoja akipeleka mkono kooni. Ubeti wa tano waliitikia wote, wapiga ala pia, na muuguzi, na Dakta Amin, ambaye hakuwa amekusudia.

Mzee Mwinjuma peke yake hakufungua mdomo. Upinde ulikuwa umelala magotini kwake, naye alisubiri watu wanyamaze. Hawakumtazama.

Wimbo ulipomalizika Dija alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili. Alikaa chini polepole, akaomba maji.

Watu wakatazamana shingo. Kila shingo ilikuwa na alama, ndogo kwa sababu ilikuwa imegawanywa mara nyingi, lakini kamili: gumba kushoto, vinne kulia, na doa la pete. Mkono wa kushoto. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakujua ni nani aliyepiga fidla kwa mkono wa kushoto.

Arafa akatoka nyuma ya pazia, akashika kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa kama mchanga kwenye bati.

"Mama yangu hakuanguka bafuni," alisema. "Baba alimkaba koo mpaka akafa, kwenye ukuta huu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilidanganya kituoni, nikiwa na miaka tisa."

Watu waliitikia kwa vichwa. Bi Ashatu alisema kwa sauti, "Kweli, mwanangu. Niliiona," na aliyekaa pembeni yake akamshika mkono.

Mshereheshaji alikuja akapokea kipaza sauti.

"Tunamshukuru sana Bi Arafa kwa historia hiyo," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Sasa namwalika mgeni rasmi, Mzee wetu Mwinjuma, akate utepe."

Mzee Mwinjuma akakata utepe, kwa mkono wa kushoto. Watu walipiga makofi, kwa kuwa utepe ukikatwa hupigiwa makofi. Wakati wa kutoka walipanga foleni kumwamkia. Wengi waliona kwamba shingo yake peke yake ilikuwa safi, na baadhi walisema hiyo ni baraka ya uzee.

Dija alipata B. Dakta Amin alieleza kwenye fomu kwamba mtihani ulitaka wimbo wa mtu mmoja, na watu mia nne hawakuwa wamesajiliwa. Alimpa mkono, akamwambia kwamba binafsi hajawahi kusikia kitu kizuri zaidi. Dija alirudi Ubena na pengo lake na kovu la pete, akaolewa, na sasa anafundisha watoto kuitikia.

Arafa aliandika barua kuomba bamba la marumaru lirekebishwe. Kamati ilijibu baada ya miezi miwili, kwa heshima, kwamba maneno ya bamba yametokana na kumbukumbu rasmi, na kumbukumbu rasmi imetokana na shahidi mmoja, mtoto Arafa Mwinjuma, umri miaka tisa, ambaye kamati haina sababu ya kumtilia shaka. Mlangoni waliongeza kibao kingine: *Watazamaji wote wanaombwa kuitikia.* Alhamisi ukumbi hujaa. Watu wazima huja na kanga nyepesi za kujifunga shingoni baadaye kuficha alama, na wengi hawajifungi.

Kabla ya Idi, Mzee Mwinjuma alikuja kwa Arafa kushonewa kanzu mpya. Alikaa kwenye stuli karibu na cherehani. Nje wanawake watatu walipita na ndoo, wakiimba kwa zamu, mmoja ubeti, wawili kiitikio.

"Wanaimba nini hao?" aliuliza.

"Wimbo wa mama."

"Ule haukuwa na kiitikio."

"Unacho, baba."

Mzee akainua kidevu ili apimwe. Arafa akaizungusha tepu shingoni mwake, akaleta ncha mbili pamoja chini ya koo. Aliishika hapo kwa muda, wanawake wakipita, mpaka sauti zao zikapinda kona. Ngozi ilikuwa laini, haina alama hata moja. Akaingiza vidole viwili kati ya tepu na koo, kama fundi anavyofanya ili mvaaji aweze kupumua. Inchi kumi na tano na nusu, zilezile za kanzu ya uzinduzi.

Akaitoa tepu, akaiandika namba, akachukua mkasi na kuanza kukata kitambaa.